Matairi Aliyoyakataa Vénantie

Matairi manne yalikuwa yamepangwa nyuma ya ukumbi wa kanisa, Fittja, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, yamefutwa vumbi na kupakwa mafuta mpaka yakang'aa. Papa Évode, mwenyekiti wa kamati, aliyaonyesha kwa mikono miwili kama anayemtambulisha bibi harusi.

"Zawadi," alisema. "Rafiki yangu kauza gari lake, katuachia haya. Ni ya misimu yote. Joto lije, baridi ije, hatubadilishi tena."

Vénantie alikuwa dereva wa kujitolea wa basi dogo la kanisa. Kila Jumapili aliwachukua wazee wa Hagsätra, Wakongo na Warundi wenzake, akawaleta ibadani. Siku za kazi alisambaza mashuka ya hoteli kule Märsta, na alikuwa amemaliza majira ya baridi manane barabarani bila kugonga hata sungura. Alichuchumaa, akaubonyeza mpira kwa ukucha. Haukubonyea. Akapapasa ubavu wa tairi mpaka akapata tarakimu nne.

"Papa Évode, hapa unasoma nini?"

"Mbili, tatu, sifuri, tatu."

"Yalitengenezwa wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2003. Leo ni Novemba 2010. Mpira umekuwa mgumu kama kwato. Tena yameandikwa M na S tu. Hayana ule mlima wenye chembe ya theluji."

"Mlima gani tena?"

"Ni alama. Tairi lenye mlima limejaribiwa kwenye theluji. Herufi hizi mbili kiwanda kinajiandikia chenyewe."

"Sheria inaruhusu. Nimeuliza."

"Inaruhusu, ndiyo. Lakini sheria haina mguu wa kukanyaga breki."

Norbert, mwalimu wa kwaya, aliangua kicheko, kisha akakimeza alipoona uso wa mwenyekiti.

"Mama Vénantie," alisema Évode polepole, "kwetu zawadi haikataliwi. Yule mtu nitamwambia nini?"

"Mwambie asante. Halafu uyapeleke yanakotupwa matairi."

"Wewe ni dereva. Kamati ndiyo inayoamua."

"Basi kamati na iendeshe."

Alichomoa ufunguo wa basi kutoka kwenye funguo zake, akauweka juu ya tairi.

Matairi yalifungwa katikati ya wiki. Jumapili theluji ilianza kuanguka alfajiri, na aliyeshika usukani alikuwa Norbert. Vénantie alipanda treni. Njia nzima alitamani, na aliona haya kutamani, kwamba basi likwame mahali fulani bila kumuumiza mtu. Halikukwama. Alipoingia ukumbini wazee walikuwa wameshakaa, na Évode akamkaribisha kwa sauti ya kusikika na wote: "Karibu, dada! Sisi tumefika salama."

Watu wakacheka.

"Namshukuru Mungu mmefika," alijibu Vénantie. "Na bado siendeshi."

Siku hiyo hakuweza kuimba. Usiku alipokuwa anakunja nguo alijiuliza kama si kiburi tu. Kuomba radhi kungemaliza maneno yote, naye angerudishiwa kiti chake. Lakini aliufikiria ule mteremko wa Fittja, watu wanane nyuma yake, na watoto wanaovuka bila kutazama. Leo ni bahati tu, hakuvuka mtu ghafla. Kufika mara moja hakukuwa ushahidi wa kitu chochote. Akamaliza kukunja nguo.

Jumapili iliyofuata, kwenye kituo cha treni cha Hagsätra, alimkuta Mama Maombi, mkongwe wa miaka sabini na minne, amekaa kwenye benchi na mkongojo wake.

"Mama, basi limekuacha?"

"Mimi ndiye nimeliacha. Norbert kabla ya kupiga breki anamwomba Mungu kwanza, nimemwona midomo. Kuomba ninaweza hata kwenye treni."

"Ni mbali, Mama. Tutabadilisha treni pale Slussen."

"Nilitoka Bukavu mpaka Uvira kwa miguu, mtoto mgongoni. Hiyo Slussen itanishinda?"

Wakaenda wote wawili. Jumapili ya tatu walikuwa sita, na wa mwisho kushuka pale Fittja, kofia ya ibada kichwani, alikuwa Perpétue, mke wa Papa Évode mwenyewe. Évode alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi. Alimtazama mkewe akija kwenye theluji, ameshikana mkono na Vénantie. Ibada ilipokwisha alimfuata Vénantie pale yanapotundikwa makoti.

"Haya. Unataka matairi gani?"

"Twende wote ukaone."

Katika duka la matairi muuzaji alimgeukia Évode moja kwa moja, akamweleza habari za matairi yenye misumari midogo ya kushika barafu. Évode alisikiliza kidogo, kisha akamkatiza kwa Kiswidi chake cha taratibu. "Muulize yeye. Yeye ndiye dereva."

Vénantie alimtazama kwa mshangao, kisha akageukia kazi. Ya misumari hapana, alisema, maana kila baridi ikiisha ingebidi yabadilishwe, na kanisa halina pa kuweka seti ya pili. Alitaka ya misimu yote, yenye alama ya mlima, yanayobeba uzito wa basi lililojaa. Muuzaji akaleta aina tatu.

"Kati ya haya, lipi linasimama mapema zaidi kwenye theluji?"

Muuzaji alikuna kidevu. "Nikuambie kweli, hakuna hata moja linalolifikia tairi halisi la baridi. Ila hili linalikaribia. Ubaya wake, kwenye joto linaisha haraka."

"Liishe," alisema Vénantie. "Naogopa Januari, siogopi Julai."

Alikagua tarakimu za matairi yote manne. Moja lilikuwa limetengenezwa miaka miwili kabla ya mengine, akalirudisha. Muuzaji aliguna, lakini akaenda stoo kuleta jingine.

Jumapili, wakati wa matangazo, Évode alisimama mbele. "Kamati imeona vema," alianza, "kulinunulia basi letu matairi mapya, kwa usalama wa wazee wetu..."

Vénantie akasimama.

"Samahani, Papa Mwenyekiti. Kamati imelipa. Aliyechagua ni mimi. Na ya kwanza niliyakataa mkanicheka humu humu. Naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kanisa."

Mtu mmoja akakohoa.

"Iandikwe," ilisema sauti ya Perpétue kutoka safu ya akina mama.

Évode akamtazama mkewe, akamtazama Vénantie aliyekuwa bado amesimama, kisha akamgeukia katibu. "Andika," alisema.

Alasiri, ufunguo wa basi ukiwa umerudi kwake, Vénantie aliuteremka mteremko wa Fittja kwa gia ya pili, bila haraka, abiria wanane nyuma yake. Alipogusa breki basi lilitii. Wawili kati ya waliomcheka walikaa kiti cha mwisho, wamenuna mpaka Hagsätra. Aliwaacha wanune.