Kuku wa Meneja

Transfoma ya Ishiara iliungua, na ya akiba ilikuwa moja tu. Kobia, meneja wa umeme, aliipeleka Manyatta, ambako pia stima ilikuwa imepotea, kwa sababu Jumamosi hiyo alikuwa anampelekea mwanawe posa huko na hakutaka wakwe wampokee gizani.

Jumatatu alifika Ishiara kuomba radhi. Akawakuta kina mama wa kikundi cha kufuga kuku wakifukia shimoni mayai yaliyopoa ndani ya mashine ya kuangulia. Yalikuwa yamebakiza siku mbili tu yaanguliwe.

"Wakwe walikuona vizuri, Meneja?" akauliza Karimi, mwenyekiti wao.

Wenzake wakaangua kicheko. Kobia akainamisha kichwa.

"Kina mama, nisameheni. Nilijifikiria mwenyewe."

"Haya, keti. Mgeni halishwi maneno matupu."

Wakamchinjia kuku. Kukataa kungekuwa tusi la pili, basi akala huku wakimtazama, mpaka ikabaki mifupa.

Hasara ya kikundi ilikuwa mayai mia tatu, na kuku mmoja.