Vidonge Ndani ya Kiatu

Binti yangu alisimama mlangoni mwa choo cha uani, mkono ameunyoosha juu ya shimo. Mkononi alishika pakiti ya vidonge vya mjukuu wangu, tunayemwita Kipusa. Pakiti ile niliijua vizuri, kila kidonge kimekaa kwenye kijumba chake.

"Vya kuzuia mimba hivi!" alisema. "Wewe mke wa nani? Nimevikuta ndani ya kiatu chako, umevisokomeza mbele penye vidole!"

Kipusa aliegemea ukuta, midomo imempauka. Alikaa miezi mingi bila hedhi, kisha damu ikaja ikagoma kukatika, mpaka akaanguka saluni anakosuka watu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na nilimwahidi kwamba nitanyamaza.

"Mama, nipe," alisema. "Nikiacha kumeza, damu itarudi vilevile."

"Eti damu! Uongo nao umefuzu!"

Vidole vya binti yangu vilianza kulegea. Ahadi ikanishinda.

"Usitupe," nikasema. "Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi, Mama?"

"Kwa daktari. Nilikalia kiti chenye mguu mmoja mfupi, nikawa nayumba huku nasikiliza. Homoni zake zimevurugika, mayai hayapevuki inavyotakiwa. Ndiyo maana hedhi inapotea, halafu inakuja kwa fujo. Vidonge hivyo vinaipanga. Hali yenyewe haiishi, ila inadhibitiwa. Na apunguze sukari, atembee."

"Na wewe ukanificha!"

"Ungesikiliza?"

Mkono wake haukurudi kutoka juu ya shimo.

"Kila mwenye vidonge hivi atasema ni dawa," alisema. "Nitajuaje?"

Kipusa alifungua mtandio. Tangu mwaka jana alikuwa akiuzungusha mpaka kidevuni, na mama yake alikuwa akimsifu kwa majirani kwamba siku hizi ametulia. Kidevu kilikuwa na vinyweleo vigumu vilivyoanza kuota upya, na katikati yake vidonda vya wembe, vingine vibichi.

"Na hizi ndevu, Mama? Ni homoni hizohizo. Au nazo nimepewa na mwanamume?"

Binti yangu ni fundi cherehani. Alivitazama vile vidonda kama anavyotazama mshono ulioharibika, kwa karibu, bila kupepesa.

"Nyembe zangu za kufumulia," alisema polepole. "Kila siku zinapotea, nalaumu panya."

"Panya anyoe nini, Mama?"

Sikucheka. Hakuna aliyecheka.

Hapo hodi ikapigwa, na kabla hatujaitikia, mteja tunayemwita Redio kwa kutangaza habari za watu akawa ameshaingia uani kufuata gauni lake. Macho yake yalitua palepale kwenye pakiti. Niliona binti yangu akiivuta kuelekea kwenye mkunjo wa kanga, na Kipusa akijifunika kidevu kwa kiganja.

"He! Fundi! Kwa umri huo bado unapanga uzazi?"

Mkono ukasimama nusu ya njia.

"Ni vya binti yangu," alisema mama yake Kipusa. "Anaumwa, na hii ni dawa yake. Gauni lako bado, kaa usubiri." Kisha akamgeukia Kipusa. "Cha leo umemeza?"

"Bado."

"Lete maji, mwanangu."

Alikitoa kidonge mwenyewe, akamwekea Kipusa kiganjani. Pakiti aliiweka wazi juu ya cherehani yake, Redio akiona.