Siku Sita za Dieudonne

Dieudonne alikuwa mtaalamu wa mpunga, na mashirika ya Burundi yalimlipa vizuri kwa ushauri wake. Kule walimkata kodi kabla hajaigusa pesa yenyewe. Mwenzake mmoja akamtisha: ukifikisha siku mia moja themanini na tatu Tanzania ndani ya mwaka, na huku watakutoza kwa hela hiyo hiyo. Jamani, mtu akatwe mara mbili kwa jasho moja? Dieudonne akanunua kijitabu, akaanza kuhesabu siku.

Wala msimcheke. Alizaliwa huku Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, enzi ambazo baba yake hakwenda hata Mpanda mjini bila kibali chenye idadi ya siku. Zikipita, ni lupango. Uraia walishapewa, lakini ule woga wa siku ulibaki. Angemuuliza ofisa wa kodi, angejibiwa kwa dakika tano. Hakuuliza. Watu wa kwao hawaendi ofisini kuuliza, wanakwenda wakiitwa.

Novemba dada yake, Emelyne, akampigia simu Bujumbura.

"Kaka, mama anaumwa sana. Chakula hagusi. Anakutaja wewe tu."

"Zimenibakia siku sita mwaka huu. Nazitunza za Krismasi."

Mama yao, Athanasie, akaichukua simu mwenyewe. "Dieu wangu, njoo hata kwa siku moja. Tano utabaki nazo."

"Krismasi, mama. Vumilia kidogo."

Tarehe tisa Desemba mama akafariki. Safari ni ya siku mbili, na maiti haisubiri. Dieudonne alipofika nyumbani kwao Misunkumilo, pale Mpanda, watu walikuwa wameshazika, wamekaa wanaota moto. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Januari aliitwa ofisi ya kodi, akaenda na kijitabu chake. Bi Raya, ofisa aliyempokea, alikifungua akashangaa.

"Hizi siku za nini?"

"Ili nisihesabiwe mkaazi, nikakatwa kodi mara mbili."

"Una nyumba hapa?"

"Ya Misunkumilo. Nilimjengea mama. Na chumba changu kipo."

"Ah, kaka yangu! Siku anahesabiwa asiye na makazi ya kudumu hapa. Wewe mwenye nyumba, ukikanyaga hapa hata siku moja kwa mwaka, tayari ni mkaazi. Na kodi uliyokatwa Burundi, lete cheti chake, itapunguzwa kwenye ya huku. Nani alikwambia ukae mbali?"

Dieudonne akakifunua kijitabu mpaka Novemba, akazitazama zile siku sita. Majuto ni mjukuu, tunasema kila siku, lakini siku hiyo yalimlaza kichwa juu ya meza ya watu. Bi Raya akamletea maji.

Nyumbani alimkuta Emelyne anapepeta maharage.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ningekuja tu."

"Lini?"

"Siku yoyote, Emelyne. Siku yoyote ile."

Emelyne akaweka ungo chini. Pole hakumpa.