Msumari wa Mlangoni kwa Rodrick

Ottilia alisukuma kokoto nyuma ya tairi kwa ncha ya kiatu, akavuta breki ya mkono mara ya pili kwa kutoiamini, ndipo akafunga mlango wa pikapu. Alikuwa ameegesha mbele kabisa ya duka la vifaa la Rodrick, mjini Mbinga. Ametoka Mbuji alfajiri, barabara imejaa mashimo, na amefika salama. Akafanya ishara ya msalaba.

Pikapu ilikuwa ya marehemu mume wake, Nazari. Ndiyo iliyobeba kahawa ya majirani wakati wa mavuno, na ndiyo iliyomlisha Ottilia tangu awe mjane. Kila kitu alijifunza kukitengeneza mwenyewe nyumbani, breki, plagi, oili. Lakini mwaka jana aliteleza kwenye ngoro, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko shambani, mkono wa kulia ukavunjika, na tangu hapo nati za magurudumu zilimshinda. Raimundi, mnunuzi wa mahindi, alishamwambia, "Mama, gari si la mikono ya namna hiyo. Niuzie kabla halijawa chuma chakavu." Angekuja kusikia jibu jioni hiyo.

"Tumsifu Yesu Kristo," Ottilia alisalimia akiingia.

"Milele amina. Shikamoo mama," alisema Rodrick bila kuinua macho kwenye simu.

"Marahaba mwanangu. Nataka ile mashine ya betri ya kufungulia nati. Ya bei ninayoiweza."

Rodrick akaweka simu chini. Akashusha boksi linalong'aa, limeandikwa nguvu yake kwa namba kubwa nyekundu. "Hii hapa. Betri mbili, chaja, soketi, kila kitu. Inafungua mpaka Fuso."

"Na ile?" Ottilia alionyesha boksi la kahawia lenye vumbi, juu kabisa.

"Ile ina betri moja tu, na ni ghali. Ya nini?"

Hata hivyo Rodrick alilishusha. Ottilia aliketi, akayapakata yote mawili mapajani kama anayelinganisha watoto wa jirani. Zamani, Nazari alipotaka spana, alipanga foleni na kibali mkononi, akarudi mikono mitupu. Siku hizi maduka yamejaa mpaka darini, hakuna foleni wala kibali. Ila hakuna pia wa kukwambia kipi ni kitu na kipi ni rangi.

"Naomba niijaribu kwenye gari langu. Liko hapo nje."

Rodrick alicheka kidogo, akaonyesha kibao ukutani. MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. "Boksi likifunguliwa, umelinunua, mama."

"Kwetu ziwani, Liuli, hata samaki tunafungua shavu kwanza kabla ya kununua."

"Basi kanunue samaki."

Wapagazi waliokaa kwenye mabati wakaangua kicheko, na Ottilia naye akatabasamu. Aliyarudisha maboksi taratibu, akatoka nje kufikiri. Hapo ndipo alipoona tairi ya nyuma imelala. Aliinama. Msumari wa kupaulia, mpya kabisa, ulikuwa umezama kwenye mpira. Mlangoni pale ilikuwepo mingine mingi, imemwagika kutoka kwenye boksi lililochanika.

Kabla hajasimama, lori la saruji kutoka Songea likafika, likapiga honi. Sehemu ya kushushia ilikuwa hiyohiyo alipoegesha.

"Mama, toa gari," Rodrick alitoka mbio.

"Lina pancha, mwanangu. Ni msumari wako."

"Nitaita watu wa halmashauri."

"Waite. Waje na jeki."

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati, na turubai la lori lilikuwa na matundu. Rodrick alitazama saruji yake, akatazama juu. Akawaamuru wapagazi wafungue gurudumu. Wawili wakapanda juu ya spana ya Ottilia, wakaruka, spana ikapinda kama kijiko. Nati haikutikisika.

"Hizi nati mmezichomelea?" mmoja aliuliza akifuta jasho.

"Fundi pancha ndiye aliyezikaza kwa mashine ya upepo," alisema Ottilia. "Mwenyewe alikuwa anapiga mluzi."

Dereva wa lori akapiga honi tena, ndefu. Rodrick aliingia ndani, akatoka na lile boksi linalong'aa, akalichana mwenyewe.

Mashine ililia kwa sauti ya kutisha mpaka watu wakasogea. Ikalia, ikapata moto, taa yake ikageuka nyekundu, ikanyamaza. Betri ya pili ikafanya vilevile, mapema zaidi. Hakuna aliyecheka.

"Lete ya kahawia," Ottilia alisema kwa upole.

Hiyo haikuwa na makelele. Iligongagonga kidogo kwenye nati ya kwanza kama mgeni anayebisha hodi, kisha nati ikaachia. Ottilia akaomba amalizie mwenyewe. Akaishika kwa mkono ule mbovu, akabonyeza. Nati zilitoka moja moja, zikaanguka kwenye kiganja chake cha kushoto, na machozi yakamjaa. "Asante Yesu," alisema, akiwa bado amechuchumaa.

Wapagazi wakainua gari kwa jeki ya lori, Ottilia akaweka tairi ya akiba, akazikaza nati kwa mashine ileile, akasogeza gari kando ya duka. Kisha akailipia ile ya kahawia. Bei yake iliondoka na pesa ya mbolea, lakini pikapu ilibaki yake. Raimundi angekunywa chai na kurudi kwake. Msumari aliung'oa, akautia kwenye kipochi cha rozari.

Alipoinua macho, Rodrick alikuwa anafuta vumbi kwenye mashine iliyoshindwa. Aliipanga vizuri ndani ya boksi, akalizungushia gundi ya karatasi, akalirudisha mbele kabisa ya rafu.

Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa kaunta. "Natoka Matiri," alikuwa anasema, "nina Land Rover nyumbani, nati zake zinanitesa." Tayari alikuwa na noti mkononi, na Rodrick alikuwa anamwambia, betri mbili, chaja, soketi, kila kitu.

Ottilia alisimama mlangoni. "Baba wa Matiri, shikamoo."

"Marahaba."

"Gari langu liko hapa kando. Nati zimekazwa sawasawa. Leta hilo boksi ulijaribu kwanza."

"Mama," Rodrick alisema kwa sauti ya chini, "si umeshapata chako?"

"Nimepata, mwanangu. Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru."

Hakuondoka mlangoni. Mzee alimtazama, akatazama gundi mpya kwenye boksi, akaigusa kwa ukucha. Akarudisha noti mfukoni, akalikumbatia boksi, akatoka nalo nje.