Chupa ya Pili ya Mafuta

Nyumbani kwa shemeji yangu Mwanaesha, hapa Mji wa Kale, ndimu zilipigwa marufuku. Mwanawe Fuad alikuwa na miezi minne hajagusa unga wa kulevya, lakini akiona ndimu iliyokatwa jasho linamtoka, kwani siku zake zote za sindano ndimu ya kuyeyushia unga haikukosa pembeni. Pilau ikaliwa kavu. Wageni wakadhani Mwanaesha amekuwa bahili.

Mimi ndimi niliyeleta dawa, mimi mzoefu wa bandarini. Baharia mmoja alinipa kichupa cha mafuta ya bangi, akaapa hayalevyi, yanatuliza tu. Fuad akawa atia matone matatu chini ya ulimi kila asubuhi. Siku ya nane mamake akamjaribu: akakata ndimu mbele yake. Kijana akaendelea kula.

"Ami," akaniambia, "naiona, lakini hainiiti."

Mwanaesha akaingia chumbani kulia.

Kichupa kikaisha, na baharia ameshaondoka na meli yake. Nikazunguka mpaka Mwembe Tayari nikapata kingine, kina picha ya jani lile lile. Mwanaesha kwake mafuta ni mafuta, kama ya habasoda. Akamnywesha kijiko kizima ili apone upesi. Kufika alasiri Fuad acheka peke yake, kisha moyo wamwenda mbio, kisha akatoka asirudi. Siku ya tatu tukamkuta Mbaraki, nyuma ya ghala, ameshajidunga.

Kesho yake kwenye kliniki, muuguzi Ndinda aliniketisha kando. Bangi ina vitu vingi, alisema. Kimoja hulevya, na huichokoza ile sehemu ya ubongo inayodai raha. Kingine wataalamu wanakichunguza, huenda kikapunguza uchu, lakini kwa kipimo, na hawajamaliza kazi yao. Nikamuuliza chupa zangu zilikuwa na kipi.

"Bila maabara hakuna ajuaye, mzee. Hata ile ya kwanza. Pengine ilikuwa mafuta ya kupikia, na nyinyi mkaamini."

Nikainuka nikarudi kwa Fuad.

Fuad alikuwa kwenye benchi, arosto ya kukosa unga imemkamata, meno yagongana. Akanishika mkono.

"Ami, nitafutie ile ya kwanza. Ile ile."

Nikataka kumwambia aliyosema muuguzi. Mamake, aliyekuwa amemsikia muuguzi, akanitazama, akatikisa kichwa nisiseme.

Nikamwambia nitaitafuta. Nikatoka nje nikasimama barabarani, sijui nielekee wapi.