Nyuso za Ngoma Tisa

"Shemeji, punguza sauti, tuko kanisani."

"Tuko nje ya kanisa, Claude. Na mchoro ni wangu."

Claude, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameegemea ukuta wa kigango chetu cha Litapunga, rangi imemkaukia hadi viwikoni. Nyuma yake, ukutani, zilichorwa ngoma tisa za Kirundi katika safu tatu. Chini ya ngoma hizo aliandika jina lake, herufi nene kuliko ngoma zenyewe. Kila uso wa ngoma, pale inapowambwa ngozi, ulikuwa na ncha mbili, kama jicho la mtu anayesinzia.

"Ndiyo maana nimekuita," alisema. "Wazee wa kigango wanakuja saa kumi, na wameshasema ngoma zangu zimepondeka. Nirekebishie tu hizo nyuso. Nyie ndio mliosoma."

Stashahada yangu ni ya uchoraji wa majengo. Duara likitazamwa kwa upande huwa duaradufu, na duaradufu haina kona. Tena, uso ulio karibu na usawa wa macho huwa mwembamba. Kadiri unavyoshuka, ndivyo unavyofunguka. Claude alizipa zote upana mmoja. Aliiba mistari, akaacha sababu zake.

"Karatasi ya mchoro wangu ilikuwa kabatini kwangu. Nani alikupa?"

Akamtazama binti yangu Emelyne, aliyesimama kando yangu.

Emelyne aliinamisha kichwa. "Baba mdogo alisema wazee hawampi mwanamke ukuta. Nikaona bora kazi ibaki kwetu."

Mtoto huyu nilimfundisha duaradufu kwa sufuria ya ugali, nikiiinua na kuishusha mbele ya macho yake mpaka akachoka kucheka.

"Wiki nzima umepita hapa ukienda shule. Hukuona zilivyoharibika?"

"Niliona, mama."

"Ukanyamaza."

Wizi wa Claude ningeumeza, maana sikuwahi kumtarajia makubwa. Lakini huyu alikuwa na macho niliyompa mimi.

"Sisi ni damu moja," Claude akaingilia. "Jina langu, jina lako, tofauti iko wapi?"

"Basi andika langu."

Akacheka.

Nikachukua ndoo ya rangi nyeupe na brashi pana. Nikafuta jina, nikafuta safu ya chini, nikafuta ya kati.

"Shemeji! Wazee wanakuja!"

"Waje. Watanikuta nachora."

Safu ya juu ilitaka ngazi, nikaegemeza ile ya Claude ukutani. Emelyne akakimbia kunishikia.

"Iache," nikamwambia.

Akaiachia. Ngazi ikayumba, nikapanda.