Utingo wa Maporomoko

Kurudisha trela nyuma pale mpakani Malaba ni kazi ya watu wawili. Dereva anashika usukani na kuangalia kioo. Utingo anasimama nyuma ya gari, uso akiuelekeza kwenye trela, kisha anarudi kinyumenyume huku akiiita kwa mikono yote miwili: "Kuja! Kuja! Kata kidogo. Iko nafasi!" Gari likifika panapotakiwa anainua viganja na kusema, "Hapo hapo," nalo linasimama.

Akol, kijana wa Amukura, aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko matingo wote wa foleni ya malori. Dereva wake, Kariuki, alikuwa akijigamba kwamba Akol angeweza kuiegesha trela ndani ya kabati la vyombo. Hakuwahi kugongesha gari hata kwenye kibanda cha chai, na vibanda vya chai vilikuwa vimebanana barabarani pande zote mbili. Kimoja kilikuwa cha mkewe, Gaudencia, chini kabisa ya baa ya ghorofa ya diwani Methuselah.

Gaudencia alizaliwa Sio Port. Maji aliyoyajua ni ya ziwa, maji yaliyolala, na alikuwa hajawahi kuona mengine yakianguka. Kwa hiyo Jumapili moja ya mwaka 1996, karatasi za mzigo zikiwa zimekwama forodhani na Kariuki akiwa amelala chini ya trela, Akol alimchukua mkewe kwenda kuyaona maporomoko yaliyo ndani ya msitu, nyuma ya vilima vya kwao.

Njiani alimfundisha namna ya kufika salama. Usiende siku ambayo mawingu yameukalia Mlima Elgon, hata kama kwenu jua ni kali, maana maji ya huko hufika bila kubisha hodi. Ukiufikia mwamba vua viatu. Shika mizizi, usishike matawi. Usicheke ukiwa kwenye utelezi. Utacheka ukirudi nyumbani. Gaudencia aliyashika yote. Aliyekosea ni mwalimu.

Walipotoka kwenye miti wakaingia kwenye mwamba ulio bapa, manyunyu ya maji yakiwapiga usoni, Gaudencia aliogopa akasimama. Akol akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea. Alimgeukia mkewe, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Kuja! Kuja! Usiogope, iko nafasi."

Nafasi ilikuwepo, ila ilikuwa upande wa Gaudencia. Upande wa Akol mwamba uliisha.

Hakuanguka. Alitoka kwenye mwamba, akaingia katikati ya maji yaliyokuwa yakishuka, akasimama humo humo, kifua kikiwa sawa na ukingo. Maji yalimpita mabegani yakaendelea na safari yake.

"Gauden," akasema, "nimeharibu."

"Si utoke twende?"

Akajaribu. "Maji imenishika."

Kesho yake Kariuki alikuja na matingo wengine na kamba za kufungia turubai. Zilikuwa kamba nzuri zilizotoka Mombasa zikiwa zimeshika mzigo, lakini pale kamba ikilowa tu ilikatika, na pale kila kitu kililowa. Wakashikana mikono kuwa mstari mmoja, wa mbele akamnyooshea Akol mkono. Mstari wote ukaanza kuteleza polepole kuelekea ukingoni, na Akol mwenyewe ndiye aliyewafukuza.

"Wachaneni! Mtaisha nyote. Hapa inataka chuma ya kushika."

Chuma kilikuwepo. Miaka miwili nyuma mwalimu mmoja wa shule aliteleza pale akavunjika nyonga, na watu wa Amukura wakafanya harambee. Kuku walinadiwa, akina mama wakaimba, diwani Methuselah akiwa mgeni wa heshima. Vyuma vya kujishikilia vikanunuliwa, fundi akatoboa mashimo kwenye mwamba, kisha vyuma vikashushwa Malaba kwa diwani vikingoja siku ya kupelekwa. Hiyo siku haikuja. Mashimo yakajaa maji na viluwiluwi. Vyuma vikapakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa roshani ya baa, juu ya kichwa cha Gaudencia, na kila jioni wateja waliviegemea wakimwaga povu la bia kwenye paa la kibanda chake.

Gaudencia akapanda ngazi. Diwani alikuwa ameviegemea vyuma vile vile, akichokonoa meno.

"Hizo vyuma ziko kwa stoo, mama," akasema. "Zinangoja fundi."

"Mheshimiwa, si ni hizi umeshika?"

Diwani akaviangalia, akavigonga kwa kidole. "Hizi ni zingine. Na bwanako ako na shida gani? Ako na njaa? Ako na malaria?"

Njaa hakuwa nayo, wala malaria. Gaudencia akashuka. Alikuwa na hasira, na hapakuwa na mtu wa kuipelekea. Chifu alikunywa kwenye ile baa, na polisi walikunywa baada ya chifu.

Ikawa kila Jumapili baada ya kanisa anakwenda msituni. Alimrushia Akol ndizi moja moja, naye alizidaka kwa mkono mmoja. Walizungumza habari za foleni. Kariuki alikuwa amepata utingo mwingine, na yule utingo alikuwa amegonga nguzo ya stima.

Wageni nao walianza kuja, maana habari ilisafiri na magari. Akol hakuweza kuwaona wakichungulia kwenye miti wakiogopa bila kuinua mikono. "Kuja mama, kuja. Kata kushoto, hapo kuna utelezi. Iko nafasi. Hapo hapo." Walisimama alipowaambia wasimame, wakatazama, wakarudi makwao na viungo vyao vyote. Hakuumia mtu tena.

Mwanzoni mwa 1997 jua liliwaka na mvua ikakataa. Maporomoko yalikonda.

"Gauden," Akol akasema Jumapili moja, "sasa maji iko kwa magoti."

Chini yake kulikuwa na mawe. Gaudencia alipanda ngazi ya baa akiwa na kitenge kiunoni na machozi usoni, wala hakuyafuta. Alipiga magoti mbele ya wanywaji. Diwani aliona haya kidogo, akaahidi kwenda kujionea mwenyewe.

Alikwenda kweli, akiwa amevaa viatu vya ngozi, pamoja na wageni wake wa Nairobi. Gaudencia alisimama kando, ameshika mzizi, akamtazama mumewe. Alitamani. Neno moja tu, "iko nafasi," pale ambapo haikuwepo, lingetosha. Akol naye alimtambua mtu yule. Alisita, mikono ikaning'inia. Kisha diwani akateleza hatua moja, na mikono ikainuka yenyewe.

"Kuja bosi. Polepole. Kata kulia. Kuja, kuja. Hapo hapo."

Diwani alisimama akiwa mzima, ncha za viatu zikigusa ukingo. Aliwageukia wageni wake. "Mnaona? Hii mahali iko salama kabisa. Vyuma ya nini na tuko na Akol?"

Wageni wakapiga makofi, na Akol, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, akasema asante.

Wiki hiyo maji yakakatika. Gaudencia alipofika alikuta mwamba mkavu, na mumewe amesimama hewani palepale, nguo zikikauka, wala hawezi kupiga hatua. Aliketi akalia kwa furaha, kisha akalia kwa jambo lingine. Kumbe hata kutoanguka kwake kuliwaharibia, maana diwani alipopata habari aliuliza sasa wanalalamikia nini. Pasaka ilikuwa inakaribia. Vyuma vikapakwa rangi upya.

Jumapili hiyo ya Pasaka Gaudencia alifika kabla ya wageni. Mvua ilikuwa imerudi kidogo na maji yakamkuta Akol alipokuwa. Mwamba ulikuwa umeanza tena utelezi. Gaudencia alilala kifudifudi, akatumbukiza vidole vya mkono mmoja ndani ya shimo la fundi, akaunyoosha mwingine juu ya maji. Akol akaunyoosha wake. Palibaki nafasi ya kiganja kimoja.

"Kuja," Akol akasema. "Kuja kidogo."

Gaudencia akasogea. Vidole vikachomoka kwenye shimo, na kifua chake kikaanza kuteleza chenyewe.

Akol akaurudisha mkono wake. Akainua viganja vyote viwili.

"Hapo hapo, Gauden. Simama."

Naye akasimama palepale alipolala, kama wageni wote.